Je, Chupa Tupu Ina Hukumu?

Muhula uliopita ndugu mmoja ninayeishi naye chumba kimoja alivunja chupa yangu. Haikumponyoka. Aliichukua juu ya meza yangu, akatoka nayo hadi kwenye pipa la taka nyuma ya bweni, akaipiga kwenye ukingo wa zege, kisha akarudi na kuniambia kwa upole kabisa kwamba ameniondolea munkari chumbani. Alikuwa bado na tone la damu kwenye kidole. Nilimtazama nikakosa la kusema, na kwa mtu anayenijua, hilo si jambo la kawaida.

Nianze kwa kuieleza chupa yenyewe, maana najua wengine mtauliza ni chupa gani hiyo ya kuandikiwa makala. Ilikuwa ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, nzito, na kitako chake kimebonyea ndani kiasi cha kuingia ngumi ya mtoto. Haikuwa na lebo wala herufi hata moja. Wavuvi wa Nyanza-Lac, kusini mwa kwetu Rumonge, waliipata kwenye wavu pamoja na ndagala, wakampa mjomba wangu kwa sababu ukanda ule wote wanajua kuna kijana mwenye ugonjwa wa chupa. Ukiishika kwenye mwanga uliona viputo vya hewa vilivyoganda ndani ya kioo, na mshono wa kalibu uliopanda ubavuni ukaishia begani bila kufika mdomoni. Alama hiyo ina maana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani mmoja, Michael Owens wa mji wa Toledo, alibuni mashine ya kutengeneza chupa nzima bila mtu kupuliza, na chupa za mashine mshono wake hupanda hadi kwenye mdomo. Kabla ya hapo fundi alipuliza kioo ndani ya kalibu kwa pumzi zake mwenyewe, kisha mdomo ukamaliziwa kwa mkono. Kwa hiyo chupa yangu ilikuwa imetengenezwa kwa pumzi za mtu, na mtu huyo kwa vyovyote alishakufa zamani. Hilo ndilo lililonifanya niitoe nyumbani na kuivusha mpaka hadi huku chuoni, nikiwa nimeizungusha kanzu mbili ndani ya begi.

Nyumbani nilikuwa na nyingine, kreti nzima na zaidi kidogo. Nilianza kuziokota nikiwa darasa la nne, kando ya ziwa, pale mawimbi yanapotupa kila kitu ambacho Bujumbura, Kigoma na Uvira hawakitaki. Nilikuwa na chupa ya soda ya gololi, ile ambayo Mwingereza Hiram Codd aliibuni miaka ya 1870: hewa ya soda yenyewe ndiyo inayoisukuma gololi juu hadi kuziba mdomo, na ukitaka kunywa unaisukuma gololi ndani kwa kidole. India bado wanauza kinywaji kwenye chupa hizo, na Japani pia. Kwingine zimebaki chache kwa sababu watoto walizivunja wapate gololi, na mimi siwalaumu hata kidogo. Nilikuwa na chupa ya Vimto iliyoletwa na jamaa zetu wa Oman, kinywaji ambacho Waislamu wa Ghuba wanafuturia kila Ramadhani, na wachache wanajua kwamba kilibuniwa Manchester mwaka 1908 na mtu aitwaye John Noel Nichols, wakati ambao Waingereza wengi walikuwa wakipiga kampeni ya kuacha pombe. Iweke chupa hiyo mezani bila lebo yake, na kwa umbo tu mtu anayepita ataapa kwamba umekunywa mvinyo.

Na nilikuwa na chupa za bia. Sitaficha. Anayekusanya chupa kwenye pwani ya Burundi hawezi kuzikwepa, kwa kuwa kiwanda cha Brarudi kipo tangu mwaka 1955, wakati Bujumbura ikiitwa Usumbura, na chupa zake za Primus na Amstel zimeenea kila penye watu.

Hoja ya ndugu yangu haikuwa ya kijinga, na ni haki yake niieleze vizuri kama alivyoieleza yeye. Alinikumbusha Anas bin Malik r.a., ambaye siku ilipoharamishwa pombe alikuwa akiwanywesha wakubwa zake kinywaji cha tende nyumbani kwa Abu Talha r.a. Mnadi alipotangaza, Abu Talha hakusubiri ushahidi wa pili. Alimwambia kijana ainuke akaivunje mitungi, na Anas akachukua jiwe la kutwangia akaipiga chini hadi ikapasuka. Ndugu yangu alisema: akhi, wale hawakusema mtungi ni urithi wa utamaduni. Hawakuuosha wakauweka dirishani. Akaongeza hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, kuanzia anayeikamua na anayeibeba hadi anayekula thamani yake, akaniuliza: katika orodha hiyo ndefu, unadhani anayetunza chupa zake kwa mapenzi yuko mbali sana?

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda maktaba.

Cha kwanza nilichokipata ni kwamba Imamu Bukhari, katika kitabu cha dhulma ndani ya Sahihi yake, ameweka mlango kuhusu kuvunja mitungi ya pombe, na ameuweka kwa namna ya swali. Hakutoa hukumu kwenye kichwa cha mlango. Ndani yake kuna kisa cha Khaybar: Mtume s.a.w. aliona mioto imewashwa, akaambiwa inapikwa nyama ya punda wa kufugwa, akaamuru vyungu vimwagwe na vivunjwe. Mtu mmoja akauliza kama wanaweza kumwaga kisha wakaviosha, naye Mtume s.a.w. akaridhia. Nilisoma kisa hicho mara nyingi. Amri ya kuvunja ilikuwa imeshatoka kinywani mwa Mtume, na swali moja la mtu asiyetajwa jina likaviokoa vyungu. Ninajiuliza alikuwa nani. Huenda chungu kilikuwa cha mama yake.

Cha pili kilinifurahisha zaidi. Ujumbe wa kabila la Abdul-Qays ulipofika Madina, Mtume s.a.w. aliwakataza kuloweka vinywaji vyao katika vyombo vya aina nne: kibuyu, gogo la mtende lililochimbwa, chombo kilichopakwa lami, na mtungi uliopakwa rangi, ambao wafafanuzi wengi wanasema ulikuwa wa kijani. Nilicheka peke yangu maktaba, maana mkusanyiko wangu ulianza kufanana na orodha hiyo. Sababu waliyoitaja wanazuoni ni kwamba katika vyombo hivyo kinywaji huchacha upesi na mwenyewe asijue, na watu wale walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye pombe. Lakini baadaye, katika hadithi ya Burayda r.a. aliyoipokea Muslim, ile ile inayoruhusu kuzuru makaburi baada ya kukatazwa, Mtume s.a.w. aliwaruhusu vyombo vyote akabainisha kwamba chombo hakihalalishi kitu wala hakiharamishi, na kinachoharamishwa ni kila kinacholevya. Wapo wanazuoni waliobaki na karaha ya vile vinne. Walio wengi wanaona katazo la mwanzo limefutwa.

Nikaongeza hadithi ya Abu Tha'laba al-Khushani r.a., kwa mapokezi ya Abu Daud, aliyesema kwamba wao wanaishi jirani na watu wanaopika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Akaambiwa wakipata vingine watumie vingine, wasipopata waoshe kwa maji na kula na kunywa humo. Nikaongeza suala la siki katika madhehebu yetu ya Shafii: pombe ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu, inatoharika, na mtungi wake unatoharika pamoja nayo bila kuoshwa. Wangeuhesabu mtungi kuwa najisi, siki ingenajisika tena papo hapo na ruhusa isingekuwa na faida. Hapo fiqhi inakiangalia chombo na kukionea huruma, kama mtu angekuwa mtu.

Halafu nikafika kwenye fidia, na nakiri huko ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo. Wanazuoni wametofautiana kuhusu anayevunja chombo chenye pombe ndani yake, kama atalipa chombo au hatalipi. Chombo kitupu ni jambo jingine: ni mali ya mtu. Na chupa yangu haikujulikana hata ilibeba nini. Mafuta ya zeituni hutiwa kwenye chupa, dawa hutiwa kwenye chupa, maji ya waridi pia. Asili ya vitu ni utohara, na yakini haiondolewi na shaka. Ndugu yangu alivunja kwa kuangalia umbo tu. Niliandika kurasa sita, kwa hati nzuri, nikiwa na nia ya kumkabidhi baada ya Ijumaa.

Ni wakati wa kupanga kurasa hizo ndipo nilipohesabu siku. Zilikuwa saba. Kwa siku saba tulikuwa tunaamka alfajiri katika chumba kimoja, tunapishana kwenye bomba la kutawadha, tunasimama safu moja bega kwa bega, na sikuwa nimemsemesha. Yeye alikuwa akijaribu, mimi nikajibu kwa kichwa. Hakuna mwanafunzi wa masomo ya dini asiyejua kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na hilo halina ikhtilafu ya mtungi wa kijani. Nilikuwa nimezama katika suala ambalo maimamu wamelijadili kwa karne nyingi, na siku ya tatu ikanipita, na ya nne, nikiwa juu ya maktaba natafuta haki ya kioo. Siku ya tisa yeye ndiye aliyeanza, akaniambia assalaamu alaykum kwa sauti, mbele ya watu, akangoja. Hadithi inasema mbora wa wawili ni anayeanza. Hata hilo alinitangulia.

Sikumkabidhi kurasa sita. Lakini kilichonizuia hasa kilikuwa kitu kingine, na mpaka leo kinanisumbua kuliko kuvunjika kwa chupa.

Barabara ya kutoka Bujumbura kuja Rumonge, mwendo wa kilomita 70 na ushee ziwa likiwa mkono wa kulia, inapita Mugere. Pale juu kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871. Walifika hapo kwa mtumbwi wakitafuta kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Majuma machache kabla yake, walipokutana Ujiji, Stanley alifungua chupa ya shampeni aliyokuwa ameibeba safari nzima kwa ajili ya siku hiyo, wakainywa kwa vikombe vya fedha. Ameandika hivyo mwenyewe katika kitabu chake cha safari. Fikiria wapagazi: miezi kadhaa kutoka Bagamoyo, watu wamekufa kwa homa njiani, na ndani ya mzigo mmoja kuna chupa ambayo haitakiwi kuvunjika.

Kila aliyeingia chumbani kwetu na kuuliza kuhusu chupa yangu, nilimsimulia kisa hiki. Sikusema kwamba ndiyo ile. Nilikuwa nasema tu kwamba ilitoka ziwa lile lile, kwamba ni ya kupuliza kwa mdomo, kwamba kitako cha namna hiyo ni cha shampeni, kisha nanyamaza wamalizie wenyewe. Ndugu yangu alikuwa amelala kitanda cha pili akisikiliza kila mara. Kwa wageni chupa ilikuwa ya shampeni. Ilipovunjwa, katika kurasa zangu sita, ikawa ya maji ya waridi.

Hapo ndipo ninapoona swali halisi, na si la utohara. Chombo kimeachiwa huru, wala sidhani kuna haja ya kurudi nyuma kwenye hilo. Lakini kinachoruhusiwa na ile hadithi ni kukiosha chombo na kukitumia. Mkusanyaji hafanyi hivyo. Mkusanyaji haoshi. Muulize yeyote mwenye mapenzi haya: chupa yenye lebo yake ya karatasi ina thamani kuliko isiyo na lebo, yenye kizibo chake kuliko isiyo nacho, na ikiwa na ukoko wa kinywaji chenyewe chini, baadhi watashangilia. Anataka ibaki kuwa chupa ya kitu fulani. Mimi chupa zangu za bia nilizipanga kwa majina. Sijawahi kuonja bia maishani, na nilikuwa naweza kukuambia lebo ipi imetangulia ipi. Abu Tha'laba alitaka chombo cha kulia. Mimi nilikuwa nimeshika upande ule uliobaki baada ya kula.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hii ni historia, na historia si kunywa. Ninakubali kwa kiasi. Bila chupa, pwani yetu ina vitu vichache sana vya zamani ambavyo mtoto wa maskini anaweza kuvimiliki. Hatuna makumbusho Rumonge. Vitu vya wenye nguvu viko Ulaya, vya babu zetu vilikuwa vya miti na majani na vimeoza, na kilichobaki mchangani ni kioo kwa kuwa hakiozi. Nilipokuwa darasa la nne sikuwa nahusudu pombe ya mtu, nilikuwa nashangaa tu kwamba kuna kitu kilikuwepo kabla ya bibi. Sidhani mshangao ule ulikuwa munkari. Ila sidhani pia kwamba nilipofika chuoni nilikuwa bado nao. Ulikuwa umegeuka kidogo kidogo, bila kutiwa kitu, na haukugeuka siki.

Kuna suala dogo zaidi ambalo hakuna aliyenishtaki nalo, na huenda ndilo lililo wazi kuliko yote. Chupa za bia na soda kwetu ni za kurudisha. Unalipa rehani, unanywa, unarudisha. Chupa tupu tunaziita vidanji, neno tulilolitwaa kwenye Kifaransa, na bila vidanji muuzaji hakupi kinywaji cha kuondoka nacho. Zile ambazo ziwa lilizitupa sina wasiwasi nazo sana. Lakini tatu nilizitoa kwenye kaziye ya jirani kwa kubadilisha na mpya, nikampa ya mwaka huu nikachukua ya zamani, naye akaona sawa kwa kuwa idadi haikupungua. Je, ilikuwa yake ya kubadilisha? Nimemuuliza mwalimu wetu wa miamala, akacheka, akaniambia niandike utafiti wa mwisho juu ya hilo.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda. Mliosoma habari mtakumbuka: kuanzia Gatumba hadi Rumonge na kuendelea kusini, maji yaliingia mitaa ya ufukweni, nyumba zikaanguka, watu wakahamia kwenye mahema na kwa ndugu. Wazee walikuwa wakilinganisha na maji ya miaka ya 1960. Nyumba ya bibi yangu haikuanguka, lakini maji yalikaa uani na kwenye banda la nyuma, na banda la nyuma ndilo lililokuwa na kreti yangu. Mjomba aliniambia kwenye simu kwamba watu wako salama. Niliuliza watu, alhamdulillahi, kisha nikauliza chupa. Kulikuwa na ukimya upande wa pili.

Nilifika likizo ya Julai nikiwa na kurasa zangu sita ndani ya begi, zimeshakuwa nusu ya makala hii. Bibi yangu anauza mawese. Kwa wasioijua Rumonge, huo ni mji wa michikichi. Kina mama wanachemsha ngazi, wanakamua, na mafuta yanauzwa kwa chupa, na kipimo anachokijua kila mtu, Muislamu kwa Mkristo, ni chupa ya bia ya sentilita 72. Nimekula mawese yaliyotoka kwenye chupa ya bia tangu nimeota meno, na wala sikumwona imamu hata mmoja akikataa wali wa kwetu. Bibi anatia mchanga wa ziwani, majivu na maji ya moto, anatikisa, anamwaga, anarudia hadi chupa inalia ukiisugua kwa kidole. Kisha anaianika kichwa chini juu ya vijiti. Anapotia mafuta anasema bismillahi kwa kila chupa. Huyu ndiye aliyeifanyia kazi hadithi ya Abu Tha'laba miaka hamsini bila kuisikia.

Kreti yangu ilikuwa barazani, tupu.

"Bibi, chupa zangu?"

"Karibu kwanza mume wangu, unaingia na chupa mdomoni kama mlevi." Akanipa kiti. "Maji yalichukua vidanji vyangu vyote. Vyote. Ningeuzia mafuta mikononi?"

"Zilikuwa za zamani, Bibi. Zilikuwa na lebo."

"Lebo zilitoka zenyewe. Maji yalishazilowesha." Akafikiri kidogo. "Moja ilikuwa na gololi, haisafishiki. Nimempa mtoto wa jirani."

Nilitoka nje nikakaa karibu na kisima. Nilikuwa na hasira, na nilipotaka kuipa hasira hiyo dalili, sikupata. Mwanamke ambaye ziwa limemwingilia uani, mwenye wajukuu wanne wa kulisha siku ile, alichukua vyombo vilivyokaa bure akavitia chakula. Yote niliyoyakusanya maktaba yalikuwa upande wake. Kila hadithi niliyomwandalia ndugu yangu ilikuwa inamtetea yeye: chombo hakiharamishi, oshani mtumie, usiwe na chombo kinachokaa bila kazi watu wakihitaji. Na bado nilitamani angekuwa amezivunja. Kama angezivunja kwa sababu ni za pombe, ningekuwa na wa kubishana naye.

Nikamuuliza usiku, tukila, kama hakuona vibaya kuziweka mawese chupa ambazo hajui zilibeba nini huko nyuma. Akaniambia zote zilibeba pombe, nani asiyejua. "Mtu akitubu unamuuliza alikunywa nini?" Kisha akaniongezea ndagala, akaanza kuzungumzia bei ya chumvi.

Sikubaliani naye kabisa, na nilimwambia hivyo baadaye, kwa adabu. Mtu akitubu hatumuulizi, ni kweli, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemsitiri. Lakini chupa haikutubu, ilioshwa, na aliyeiosha hakujali ilikuwa nani. Mimi nilijali. Na katika kujali huko kulikuwa na majivuno ambayo nimeshayasimulia, lakini kulikuwa pia na yule mtoto wa darasa la nne, na sijui namna ya kumtupa mmoja nikabaki na mwingine. Wallahu a'lam.

Kabla sijarudi chuoni nilikwenda sokoni. Nilikuwa najiambia nakwenda kununua vocha. Kwa mama wa tatu mkono wa kushoto, katikati ya chupa kumi na kitu za mawese zilizopangwa juu ya gunia, niliiona moja yangu: ya kahawia, bega pana, mshono ukiishia chini ya shingo. Imejaa hadi juu, imezibwa kwa mfuko wa nailoni na ukoo wa mgomba. Kwa rangi ile ya mafuta viputo vya kioo havionekani tena.

Nilimuuliza bei. Akanitajia, akanyoosha mkono. "Vidanji?"

Nikamwambia nitalipa chupa pia. Akakataa. Anauza mafuta, hauzi chupa, na akiuza chupa kesho atatia mafuta wapi? Nikamwambia basi anipe hiyo hiyo, nitakuja na nyingine. Akanitazama kama watu wa sokoni wanavyomtazama mwanachuo. Ilibidi nirudi hadi nyumbani, nichukue chupa ya kawaida ya bia uani kwa bibi, nirudi sokoni kwa jua la saa saba. Aliishika ile niliyomletea, akaigeuza kitako juu, akainusa. Akaridhika. Akanipa yangu.

Bibi aliponiona naingia na mafuta alishika kiuno. Mjukuu wa muuza mawese amekwenda kununua mawese. Hakuuliza zaidi. Aliichukua, akaifungua, akaanza kuyatumia jioni ile ile, na ninavyomjua hataki kitu kikae.

Juzi mjomba alipiga simu. Nilimuuliza hali za watu, kisha nikamuuliza chupa ya kahawia jikoni iko wapi. Akaenda kuangalia. Akasema ipo, imebaki kama robo, na bibi anauliza: yakiisha, aioshe atie mengine, au nakuja kuichukua?

Nimemwambia nitampigia.